Kicheko cha Kubandika

Bwenini, 9 Februari

Kasuku wangu,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa, si kwa sababu roho inataka. Habari za huko? Huku tu wazima. Goti langu la kushoto bado linagoma kupanda ngazi, paa la bafu la wasichana linavuja, na wale wa kidato cha kwanza wamefika na masanduku makubwa kuliko wao, wanalia kwa zamu. Shangazi yako mdogo wa kiwanda cha nguo amepandishwa cheo, kwa hiyo siku hizi haongei na mtu. Mwambie baba yako betri za kifaa chake cha masikio nimezipata, nazituma pamoja na barua hii.

Sasa kaa chini usome.

Jumatano iliyopita mwalimu wa uraia alitukusanya ukumbini, wasichana wote na sisi wafanyakazi tuliopenda. Alisema kuna tovuti moja imetoa orodha ya insha za video ambazo kila kijana anapaswa kuzitazama, zile zinazochambua vipindi vya televisheni, nyimbo na matangazo, na jinsi vinavyotujenga au kutubomoa. Akasoma majina. Mojawapo ni yako, "Nani Anacheka?" Nilivimba kichwa. Nilivuta kiti, nikamnong'oneza mpishi mkuu, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu." Nilisema hivyo kabla projekta haijawaka, ona ujinga wangu.

Ulianza vizuri. Ulieleza kile kichekesho cha zamani, *Mwenye Nyumba*, cha bwana anayempiga mkewe kibao kila chai ikipoa, na nchi nzima ikivunjika mbavu. Ukaonyesha kibao. Ukakirudisha. Ukakirudisha tena. Halafu ukaondoa picha, ukaacha skrini nyeusi, ukatusikilizisha kicheko peke yake. Kicheko changu mimi! Kinaanzia juu, kinavunjika katikati, kinaishia na ule mluzi wa kukosa pumzi. Hakuna mwingine anayecheka hivyo, na wewe unakijua tangu ukiwa mgongoni kwangu. Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya kubembeleza: "Mwanamke huyu anayecheka ndiye aliyetufundisha kwamba kibao ni mzaha."

Na hukuishia hapo. Ulisema kicheko hicho bado kipo kati yetu, ukaweka rekodi ya simu. Ni siku ile nilipokusimulia mkaguzi aliyekalia kiti chenye rangi mbichi. Mimi nadhani naongea na mwanangu, kumbe mwanangu amebonyeza kitufe. Vichwa vyote vya ukumbi viligeuka kunitazama. Mpishi mkuu aliinama kufunga viatu visivyo na kamba.

Umenivua nguo mbele ya watoto ninaowalea. Ifute. Na usinipigie simu, nimekufungia. Ukitaka kusema nami utashika kalamu, maana karatasi hairekodi mtu bila yeye kujua.

Mimi,
Shangazi yako, kwa sasa


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umeitikia, hata kama ni kwa kununa. Betri zimefika, asante. Baba hajambo. Anashinda kwenye kile kibaraza chetu cha ghorofani, anasikia anapotaka kusikia. Muuza matunda wa chini ameshamwambia mara chungu nzima kwamba binti yake yumo mtandaoni. Mimi bado narekodia chumbani, blanketi dirishani, na jirani wa juu anatoboa ukuta kila ninapowasha kipaza sauti. Kikohozi kimeniisha.

Kuhusu rekodi ya simu, nilikosea. Ningekuuliza kwanza. Kwa hilo naomba radhi, na nimeshaikata.

Kwa hayo mengine siombi radhi, na insha siifuti. Sikutaja jina lako popote. Nimetengeneza insha kuhusu matangazo ya sabuni, kuhusu nyimbo zinazomwita mwanamke mali, kuhusu tamthilia ambazo maskini lazima awe mchekeshaji. Zote zilitazamwa na marafiki zangu na mama mwenye nyumba, naye alilala katikati. Hii ndiyo iliyofika kwa watu. Wanawake wananiandikia, Shangazi. Wanasema walipigwa kibao sebuleni na watoto wakacheka, kwa sababu watoto walikuwa wameshajifunza mahali pa kuchekea. Hao niwaambie nini, kwamba nimeifuta kwa sababu shangazi yangu amekasirika?

Na tuseme ukweli. Mwigizaji alipiga kwa sababu aliambiwa apige. Mke alianguka kwa sababu aliambiwa aanguke. Lakini kicheko kile si cha kuigiza, mtu yeyote anasikia. Kile ni cha moyoni. Si ulicheka? Nani alikutekenya?

Ukijibu kwa matusi nitayasoma pia.

Mwanao


14 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba ya barua iliyopita nimeizuia. Goti ni lile lile. Paa ni lile lile.

Nikueleze kwanza ulichofanya, maana huko kwenye blanketi lako huoni. Zamani jioni mlango wangu ulikuwa na foleni: anayeumwa tumbo, anayetaka pedi, aliyeletewa habari mbaya kutoka nyumbani. Sasa wananiamkia wakipita kwa kuambaa ukuta. Kuna mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mkimya, ambaye kila Jumapili alikuwa akija na kitana nimsuke. Nikimsuka, ananipa kipande cha habari za kwao, za baba wa kambo. Kila Jumapili kipande. Sikumharakisha, nilijua anakoelekea na nilijua atafika. Tangu Jumatano ile hajaja. Nilimfuata, akaniambia, "Nimejifunza kujisuka mwenyewe, matroni." Nywele zake zimekaa ovyo tu.

Juzi mwalimu mkuu aliniita ofisini. Wazazi wamempigia simu, wanauliza inakuwaje mlezi wa mabinti ni mtu anayecheka wanawake wakipigwa. Mkataba wangu unaisha katikati ya mwaka. Amesema "tutaangalia", huku akipanga kalamu zake mezani.

Sasa unauliza nani alinitekenya. Alinitekenya baba yako!

Alikuwa fundi wa sauti pale kituo cha televisheni, mpya, anatafuta sifa. Kituo hakikuwa na ukumbi wa watazamaji, wakamwambia atafute vicheko popote. Akanichukua mimi, nimetoka kwenye masomo ya kupiga chapa, akanikalisha kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kipaza sauti mbele yangu. Yeye akasimama upande wa pili wa kioo. Nikamuuliza nitacheka nini? Akavaa koti lake nyuma mbele, akaanza kumwigiza marehemu bibi yetu akitafuta miwani iliyoko usoni kwake, anainua mkeka, anawagombeza wajukuu, anapapasa ukuta. Nilicheka mpaka nikateleza kwenye kiti. Pale hapakuwa na kibao. Hapakuwa na mke. Nilimcheka kaka yangu kwa sababu nilimpenda.

Baadaye nikaketi kwa jirani kutazama kipindi, nikasikia kicheko hicho hicho juu ya shavu la mwanamke. Sikumaliza kutazama. Nilimwendea baba yako nikamwambia akitoe. Akaniambia kicheko kikishaingia kwenye mkanda si chako tena.

Na wewe unajua ni nani aliyekibandika, usijitie hamnazo. Kila kipindi kilimalizika kwa majina ya waliokitengeneza, na jina la baba yako lilipita pale kila wiki. Katika insha yako umeonyesha wimbo wa mwanzo, umeonyesha vibao, umeonyesha hadi tangazo la dawa ya mbu lililofuata. Majina tu ndiyo umeyaruka. Mikanda yenyewe umeitoa wapi kama si chini ya kitanda chake?

Unajiita mchambuzi wa jamii. Unamkingia kifua baba yako, unanitwisha mimi mzigo, halafu unapigiwa makofi. Nijibu hilo.

Shangazi


20 Aprili

Mwezi umepita na zaidi. Posta haijafungwa, nimeuliza.

Mwalimu wa uraia amewapa wasichana kazi ya kuandika: "Je, anayecheka ana hatia?" Karatasi zao zimebandikwa ukutani karibu na chumba cha kulia. Nazipita asubuhi nikienda kusimamia chai na nazipita jioni. Wengi wamejibu ndiyo, na wamepewa alama nzuri.

Umekuwa bubu leo, Kasuku?


6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Baba hajambo. Mimi sijambo. Nyumba haijambo. Hizo ndizo habari, sina nyingine za kupamba.

Nilikuwa darasa la kwanza. *Mwenye Nyumba* walikuwa wanairudia, tunaitazama. Mama akaleta chai. Baba akaonja, akasema imepoa, akampiga kibao. Sinia lilianguka. Mimi nilikuwa sakafuni kwenye mkeka. Sikumtazama Mama, Shangazi. Niligeukia televisheni, nikasubiri kicheko. Baada ya kibao huja kicheko, ndivyo nilivyojua dunia inavyokwenda. Lakini ulikuwa wakati wa tangazo. Nikaendelea kusubiri. Mama aliokota vikombe mwenyewe, na likizo ilipofika alikuwa ameshaondoka.

Sasa umejua insha ile ilitoka wapi.

Ndiyo, niliruka majina. Nilikaa mbele ya kompyuta, jina la Baba likapanda kutoka chini ya skrini, nikalikata. Ulitaka niandike nini? Huyu ndiye aliyebaki nami. Ndiye aliyenisuka nywele vibaya nikachekwa shule nzima, akajifunza, akanisuka vizuri. Sasa mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kumchagulia samaki asiye na miba. Kila ninaporekodi anakaa nje ya mlango asipite mtu. Nimtoe huyo niwape watu wamrarue? Ilibidi nimlaumu mtu. Wewe uko mbali, una mdomo, nilijua utanifokea na utabaki umesimama. Yeye sikuwa na uhakika. Haya, nimesema. Furahi.

Ila na mimi nina swali, ulijibu bila kuzunguka. Uligombana na Baba kwa sababu ya kicheko chako. Kwa ajili ya Mama uligombana naye lini? Nimekua naambiwa "shangazi ana shughuli nyingi". Shughuli gani hizo, Shangazi? Mama yangu alipokuwa anaokota vikombe wewe ulikuwa wapi?


19 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sijafurahi. Usidhani mtu anaweza kufurahi kwa hayo.

Nakujibu bila kuzunguka. Wifi yangu alipoondoka kwenu alikuja kwangu. Alikuja na sanduku moja na shavu limevimba, maana kile ulichokiona hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Alikaa chumbani kwangu mpaka alipopata kazi ya cherehani na pa kulala. Wiki ile ile nilipanda basi, nikamkuta baba yako kazini kwake, nikamwambia mbele ya wenzake yale ambayo matroni hapaswi hata kuyajua. Alinitoa nje kwa mkono. Akaniambia nisikanyage kwake. Hizo ndizo shughuli nyingi ulizoambiwa. Tulirudi kusalimiana ulipokuwa umeshaanza sekondari, na ilikuwa kwa sababu yako.

Kwa nini sikukuambia? Mama yako alinikataza. Alisema, "Mtoto amebaki naye, muache abaki na baba wa kumpenda." Mpaka leo mkiongea naye kwenye simu mnaongelea mvua na jua, na mimi nimeona, na imeniuma, na nimenyamaza kwa sababu nilimpa neno langu. Leo nimelivunja. Atanigombeza, na atakuwa na haki.

Lakini hasira yangu iko pale pale, usije ukadhani imelainika. Mama yako alipigwa, akanyamaza ili baba yako apendwe. Mimi nimeanikwa ukumbini, na ilitakiwa ninyamaze ili baba yako apendwe. Wewe uliyapanga maneno yote mazuri kuhusu jamii, ukanyamaza palepale ili baba yako apendwe. Hivi huyu mtu ana nini, jamani, kwamba wanawake watatu wafunge midomo ili yeye apumue?

Usinichague tena. Nenda kamuulize jambo moja tu: kabla hajabandika kicheko changu, pale baada ya kibao palikuwa na nini?

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kwa sababu kulikuwa na mambo ya kufanya kabla ya kuandika.

Nilimuuliza Baba wakati wa chakula cha mchana. Akajifanya hasikii. Nikaleta betri mpya, nikamvua kile kifaa, nikambadilishia mbele ya macho yake, nikauliza tena. Akasukuma sahani. Halafu akaenda chini ya kitanda, akatoa mkanda usioandikwa kitu. Ni ule wa kwanza, kama ulivyopigwa studio kabla ya kupita mikononi mwake.

Yule bwana anapiga kibao, na ni cha kweli, Shangazi. Nadhani mkono ulimteleza. Yule mama anashika shavu, haigizi tena, anatafuta mtu wa kumtazama nyuma ya kamera. Mtu mmoja anasikika akisema, "Jamani." Baada ya hapo ni kimya. Hakuna anayecheka, hakuna anayekohoa. Kimya kirefu mpaka unataka kuzima. Mwisho mwongozaji anasema, "Tuendelee."

Baba akasema, "Kilikuwa kizito. Mwongozaji akaniambia kiue. Nikatafuta cha kukiulia."

Nikamuuliza, "Na kile cha sebuleni kwetu?"

Akasema hakumbuki. Nikamwambia mimi nakumbuka, na nikamsimulia, na sinia, na vikombe. Akasema, "Mimi ndiye niliyekulea." Nikamwambia, "Ndiyo. Ndiyo maana nimechelewa kukuuliza." Sijawahi kumpandishia sauti Baba maishani mwangu. Muuza matunda alitusikia kutoka chini.

Nimeitengeneza insha upya. Nimeonyesha kibao na kicheko chako kama kilivyorushwa. Nimeeleza kilirekodiwaje, koti nyuma mbele na miwani ya bibi. Kisha nikaweka kile kimya chote, sikukata hata kidogo. Nikasimulia sebule yetu. Mwisho nikaacha majina yapande, nikasimamisha lilipofika la Baba, nikaandika chini yake: "Fundi wa sauti. Baba yangu." Mama nilimwomba ruhusa kwanza. Akasema, "Weka."

Sasa sikia vituko. Wengine wameniandikia kwamba nimelaaniwa, mtoto gani anamwanika baba yake mzazi. Hao hao walipenda sana ilipokuwa mwanamke asiye na jina. Na ile tovuti imeiondoa insha kwenye orodha yake. Wamenitumia maneno ya adabu kabisa: toleo la kwanza lilizungumzia jamii, hili la sasa limekuwa habari ya familia moja. Nimewauliza jamii wanayoitafuta inakaa wapi, kama si kwenye nyumba za watu. Nina hasira, Shangazi.

Baba anakula chumbani kwake. Haniambii kitu zaidi ya "asante" na "funga mlango". Shule zikifungwa njoo, Shangazi, nakuomba. Ukae kati yetu. Hajasema anakutaka, lakini nadhani ana neno la kukuambia.

Kasuku wako, kama bado ni wako


18 Julai

Kasuku,

Marahaba. Marahaba na zile zote nilizokunyima.

Paa la bafu limezibwa, sasa linavuja upande wa pili. Mwalimu mkuu ameniongezea muhula mmoja "wa kuangaliwa", mimi niliyewapokea hadi baadhi ya walimu wake wakiwa na sare za shule. Aliniambia nichukulie ni fursa. Nilimwambia nitamwangalia na yeye pia.

Orodha yao waichemshe waile. Wasichana waliposikia kuna toleo jipya walimganda mwalimu wa uraia, na yeye akasita, eti halipo tena kwenye orodha. Dada mkuu akamuuliza, "Kwani mwalimu, sisi tulitaka orodha?" Wakatazama. Safari hii sikukaa nyuma, nilisimama mlangoni, mikono kifuani, tayari kwa vita. Kilipofika kile kimya ukumbi mzima ulinyamaza pamoja nacho. Hakuna kichwa kilichogeuka. Karatasi zile za ukutani zilitolewa siku iliyofuata, sijui na nani, na sijauliza.

Baba yako amenipigia. Nilijiandaa kupokea radhi, nikavuta hadi kiti. Kitu cha kwanza alicholalamikia ni kwamba umemwandika "fundi", na yeye aliondoka pale akiwa mhandisi! Nilimwambia ampigie wifi yangu, amweleze yeye tofauti. Akakata. Kama alipiga sijui. Ila niliongea na mama yako jana, na mvua hatukuigusa.

Umeniomba nije. Sitakuja, na si kwa kisirani.

Jumapili yule mfupi wa kidato cha pili alikuja na kitana. Akaketi, akanipa kichwa. Nilipokuwa nagawa nywele akauliza bila kugeuka, "Matroni, walikuuliza kabla ya kukiweka pale?" Nikamwambia hapana, hakuna aliyeniuliza. Kisha akasema alinikimbia kwa sababu alidhani mimi ni katika wale wanaocheka kwa kupenda. Nikamwuliza, "Kwani kuna wanaocheka bila kupenda?" Akasema, "Sisi. Kwetu, baba akishampiga mama, hutugeukia watoto. Lazima tucheke. Asiyecheka ndiye anayefuata."

Nilimaliza kumsuka, maana hakutaka nimwachie nusu. Halafu tulikwenda kwa mwalimu mkuu, yeye mbele mimi nyuma, akarudia mwenyewe kila neno, na kalamu za mezani safari hii hazikupangwa. Mama yake ameshapigiwa simu. Watu wa ustawi wa jamii wamesema watakuja, na nitawapigia kila siku mpaka waje.

Wenzake wote waliondoka jana. Likizo hii haendi nyumbani, tunabaki bwenini wawili, na nimehamishia kitanda changu karibu na chake. Msalimie baba yako. Mwambie kama ana neno anaweza kuandika, lakini asubiri jibu, kwa sasa nina mtoto wa kumlinda.

Shangazi yako